Bonde la Bi Mwanaidi

Jumatatu, 5 Mei
Ukungu hadi saa nne. Mkaa umelowa, ofisi baridi. Bi Mwanaidi kashuka kutoka Kwai, kaniletea karoti za kumpelekea mama. Tumeipanga kesi yake. Shemeji yake, Athumani, anadai shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Juu kuna nyumba na kaburi. Bondeni kuna maji, ndiko anakolima mboga mwaka mzima. Athumani ameshalegea, yuko tayari bonde ligawanywe katikati. Sisi, yeye na mimi wakili wake, tunakataa. Lakini leo kaniambia: akibanwa sana ataliacha bonde lote, mradi asitenganishwe na kaburi la mumewe. "Hilo liishie hapa, mwanangu." Nikamwahidi.

Alhamisi, 8 Mei
Hitima nyumbani kwa Mjomba Rajabu. Wali mzuri, nimekula kupita kiasi. Baadaye akaniita kando ya zizi. Yeye na Athumani huswali pamoja, na ugomvi huu unamuuma. Je, Bi Mwanaidi hawezi kulegeza popote? Nikageukia ng'ombe. "Mimi mjomba wako nakuuliza." Kwetu mjomba akiuliza mara ya pili, hujifanyi hukusikia. Nikasema bonde anaweza kuliacha, mradi abaki na kaburi. Nimerudi nyumbani nikijiona mpatanishi.

Jumanne, 13 Mei
Baraza la Ardhi. Athumani kabadilika. Nusu haitaki tena. Anataka bonde lote, na huko juu anamwachia mjane na kaburi lake. Kasema kama vile alikuwepo ofisini kwangu. Bi Mwanaidi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Mwenyekiti ameahirisha. Mjinga mkubwa mimi.

Jumatano, 14 Mei
Sijala. Nimemfokea karani bila sababu. Anayejua nilivyoitoa siri ni mimi na mjomba, na mjomba hatasema. Naweza kukaa kimya, nikampigania Bi Mwanaidi kwa nguvu zote, na asijue maisha. Rahisi mno, ndiyo maana naogopa. Siri ilikuwa yake, sikuwa na ruhusa ya kuigawa hata kwa nia njema. Na sina haki ya kuendelea kuketi upande wake huku nikimficha hili.

Alhamisi, 15 Mei
Nimepanda Kwai. Nilimkuta uani anachambua maharage. Nimemwambia yote nikiwa nimesimama. Nikamwambia atafute wakili mwingine, na kwamba ana haki ya kunishtaki kwenye kamati ya mawakili. Aliendelea kuchambua. Kisha kwa Kishambaa, polepole, akasema mjomba wangu ni mtu mzima, hata yeye humheshimu. "Lakini mimi nilikuja kwako. Sikwenda kwake." Hakupandisha sauti. Heri angenitukana.

Ijumaa, 16 Mei
Mjomba kapiga simu. Sikupokea. Mara ya kwanza maishani.

Jumapili, 22 Juni
Siku ya soko. Wakili mpya wa Bi Mwanaidi alijitahidi, lakini Athumani hakurudi kwenye nusu. Angerudi kwa lipi, alishajua mwisho wa mjane uko wapi. Wamesaini wiki iliyopita, bonde limekwenda. Kunishtaki hakunishtaki. Nimekutana naye kwenye vitunguu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza mama hajambo. Nikamuuliza sasa atalima wapi. Akasema Mungu atasaidia, akaniaga vizuri, akaenda zake.