Joka Linaisubiri Dadu Yako

Chumba cha juu, nyuma ya duka la mshona viatu
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula na kulala vizuri, na lile jino lililokusumbua ulishaling'oa. Sisi hatujambo. Mama ni mzima, ila miguu inamgomea kwenye ngazi. Dada anashona mpaka sindano zinamwonea huruma. Mimi bado ni karani katika ofisi ya mizigo, na bado namwogopa mkuu wetu, yule tunayemwita Kikohozi.

Barua yako ya mwisho ilifika kabla hatujapaka rangi sebule, na sasa rangi yenyewe imeanza kubanduka. Silalamiki. Nasema tu, kwa kuwa nimekaa dirishani tangu asubuhi, na kila anayepita chini na mfuko begani namdhani tarishi, ingawa najua Jumapili hapiti.

Nakuandikia kwa jambo la mezani, na tafadhali usicheke mpaka umalize.

Ulipoondoka uliniachia kuendesha mchezo wetu wa kuigiza mashujaa kwa maneno na dadu: ramani, kopo la dadu, na wachezaji watatu wasioridhika. Dada bado anacheza na askari wake wa upanga, yule aliye naye tangu tukiwa watoto. Jirani yetu fundi umeme, Fyuzi, ana mwizi wake, na binamu yetu mwalimu ana mganga wake. Mimi ndiye msimulizi, na kila adui ni mimi.

Joka langu la kwanza lilikufa kabla halijafungua mdomo. Wao watatu, lenyewe moja. Likirusha kucha mara moja, wamekwisha kulichoma mara tatu. Fyuzi aliuliza kama lile ni joka au mjusi wa ukutani. Tangu hapo naitwa Baba Mjusi, hata Mama huniita hivyo akitaka nimshikie ndoo. Nikatengeneza la pili, nikalijaribu peke yangu sakafuni, maharage yakiwa ndio mashujaa. Pumzi moja, maharage yote majivu. Hilo nalo halikuwa pambano, lilikuwa mazishi.

Jibu nililipata kazini. Kikohozi hajawahi kunipiga wala kunitishia kunifukuza. Lakini akikohoa kule mwanzo wa korido, sote tunanyoosha migongo, na mhasibu anafunga droo yake yenye karanga. Mpaka afike mlangoni, mimi nimekwisha kutubu makosa ambayo sikuyafanya. Nikajiuliza, ninachokiogopa ni yeye, au ni ule urefu wa korido?

Basi joka jipya lilisikika kabla ya kuonekana. Halikukaa mahali pamoja likingoja kuchomwa: kila mchezaji akimaliza zamu yake, nalo lilifanya jambo dogo, mkia huku, bawa kule, jiwe likaporomoka. Na moto wake hauji ghafla. Kwanza linavuta pumzi mbele ya macho ya wote, kisha kila mtu anapewa zamu moja ya kujificha. Moto wa ghafla huua tu, kaka. Moto unaouona ukija ndio unaokukausha mate. Pango nililichagua lile jembamba la kilimani, lenye nguzo na kidimbwi, ili pa kujificha pawepo lakini pasiwatoshe.

Jana mchana tukacheza. Laiti ungewaona. Fyuzi alisahau kutania. Binamu alisimama na hakukaa tena. Moyoni nilifurahi, maana waliogopa kweli, na bado njia ya kushinda ilikuwepo. Joka likavuta pumzi. Mwizi akajitosa kidimbwini, mganga akajibanza mwambani, askari wa Dada, mwenye majeraha tele, akajificha nyuma ya nguzo ya mwisho. Nilikuwa naanza kusimulia moto pale Dada alipoweka kikombe chini na kunyoosha kidole kwenye ramani.

"Na yeye je?"

Kilikuwa kifungo chako. Kile cha kahawia, cha koti lako, ambacho ndicho mchawi wako. Ulimlaza katika pango lile siku ya kuondoka, ukasema tumwache hapo, utarudi kumwamsha mwenyewe. Chai iliwahi kumwagika pale na sukari ikakigandisha. Nimezoea kufuta vumbi kukizunguka, hata nilipolichora pango upya nikakichukulia kuwa jiwe. Nguzo nilizichora, maji niliyachora, na wewe nikakuchora jiwe. Tangu jana neno hilo halinitoki.

Unaikumbuka sheria yako: hakuna kumrushia mwenzio dadu yake, hata awe ameenda chooni, anasubiriwa. Fyuzi akashauri tukisogeze kifungo pembeni, nani atajua. Binamu akasema labda joka lipaliwe. Mimi nilikuwa tayari kukubali lolote. Kisha Fyuzi, kwa mzaha wake tu, akasema asiyekuwepo na lake halipo. Dada akamtazama mpaka yule bwana akaanza kukagua swichi ya ukutani.

Dada alimwinua askari wake kutoka nyuma ya nguzo, akamsimamisha mbele ya kifungo chako, uso kwa uso na joka. Moto ule askari wake haumudu. Kila mtu mezani alilijua hilo, yeye kuliko wote.

Kwa hiyo tumesimama hapo. Mchawi wako ataamka kwa kumi na nne kwenda juu, katika dadu ya pande ishirini. Akiamka, fimbo yake itawakinga wote wawili. Asipoamka, wanaungua wote wawili. Nilitaka kuishusha namba mpaka kumi.

"Ukishusha hata moja," Dada alisema, "nachukua askari wangu na sirudi mezani kwako. Usinihurumie mimi, na yeye usimhurumie."

Sikushusha.

Ramani iko pale pale mezani, tunakula tumepakata sahani. Mama, ambaye hajawahi kutaka kujua mchezo huu ni wa nini, leo asubuhi alisimama mbele ya ramani akauliza yupi ni mwanawe. Nikamwonyesha. Hakukigusa. Alikiangalia tu, kisha akavuta kile kitambaa cha meza kilichokuwa kimejikunja.

"Mwandikie," alisema. "Mimi mama yake hanijibu. Pengine joka atalijibu."

Sijui kilichokunyamazisha. Nimefikiria ugonjwa, nimefikiria kazi imeharibika, nimefikiria kwamba umetuchoka. Ofisini tuna chumba cha mizigo ambayo wenyewe hawajajitokeza. Naibandika alama, naipanga vizuri, nafunga mlango. Wewe sitaki kukupanga humo. Sikuuliza mapema kwa sababu naogopa majibu, wewe unanijua.

Ndani ya bahasha utaikuta dadu yako ya kijani, nimeifunga katika kipande cha kitambaa cha Dada. Irushe mara moja, uandike namba kama ilivyoanguka. Hata ikiwa moja, andika moja. Kama maneno ni mazito, usiandike neno. Karatasi yenye namba inatosha.

Ikianguka vibaya tutaungua, Dada atanuna, nami nitawachorea watu wapya, wewe wa kwako na yeye wa kwake. Kuungua tunajua kunavyokwisha. Dadu isiyorushwa ndiyo hatujui tuifanyeje.

Mama anakusalimu na anauliza kama unavaa kitu cha joto. Binamu anakusalimu. Fyuzi naye anakusalimu sana, na anasema lile neno lake amelimeza. Dada hajasema nikusalimie. Amesema nikuambie bado amesimama pale.

Mungu akulinde huko uliko, na siku ya kurusha aushike mkono wako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukikaa kimya,
Baba Mjusi