Binti Yangu Hathubutu Tena Kujirusha Nyuma

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nimefika mwisho. Binti yangu Imogen ana miaka tisa, anafanya jimnastiki daraja la nne hapa mjini Bendigo, na kocha wake Leanne huwaruhusu watoto kujaribu miruko ya madaraja ya juu, ila juu ya shimo la sponji tu na mkono wake ukiwa mgongoni mwa mtoto, na Imogen alikuwa akipiga samasoti ya nyuma mle huku anacheka, basi mimi kwa kiherehere changu nikaona akiweza kule ataweza na nyumbani, na Jumapili tulipoalika watu kuchoma soseji nikamwambia apande trampolini yetu ya kurukia iliyoko uani awaonyeshe wageni. Akasema, "Mama, Kocha amekataza." Nikamjibu, "Kocha yuko hapa? Panda bwana, usinitie aibu!"

Akajirusha, akaangukia shingo kwenye ukingo wa chuma. Daktari alimpima akasema hajavunjika kitu, lakini tangu siku hiyo hawezi chochote cha kwenda kinyumenyume, hata vile alivyovijua tangu daraja la pili, anasimama juu ya boriti ya mazoezi mikono juu, kisha anashuka. "Mama, mwili unakataa," ananiambia, nami najifungia bafuni nalia. Nilimkanya asimwambie Kocha. Sasa Leanne anaamini yeye ndiye aliyemharakisha, amewakataza watoto wote miruko ya juu, na wenzake wanamnunia Imogen, "Wewe ndiye umetuharibia!" Mume wangu Craig anasema tunyamaze mpaka mashindano yapite. Nifanyeje? Naona mtoto wangu ananipotea huku namtazama.

Mama Imogen, Bendigo

Mama Imogen, pole, na pole zaidi kwa mtoto. Lakini leo sitakubembeleza. Leanne alikuwa na sponji na mkono wake, wewe ulikuwa na wageni wa kuwaringia. Mtoto alikukumbusha, ukamfokea. Halafu ukambebesha siri yako, kila siku anamwona kocha wake akijilaumu na wenzake wakimnunia, naye umemfunga mdomo. Unashangaa nini mwili ukikataa?

Nenda kwa Leanne leo, kabla ya mazoezi, Imogen akiwepo. Sema ulichofanya kwa kinywa chako mwenyewe, na umwombe mtoto radhi palepale. Craig akinuna, mwache anune. Wale watoto wengine nao waambiwe kwamba mwenzao hana kosa. Kwenye mashindano mwondoe. Arudi daraja gani la chini, hilo mwachie kocha, na wewe usubiri nje kwenye gari. Shingo ikimuuma hata kidogo, mrudishe kwa daktari.

Sikuahidi kwamba samasoti itarudi, wapo watoto ambao haiwarudii kabisa. Na siku Imogen akikuambia hataki tena kwenda, mjibu "sawa, mwanangu," kisha usimuulize mara ya pili.