Nilivyonyamaza saa mbili

Basi nikafunga mudomo saa mbili nzima, Mama Amina muke mwenzangu, weye uko kule kwetu Wamaza huwezi kuamini. Mujukuu wetu Zaina alikuwa anafanya egzame, mutihani wa ordinatere, zile kompyuta, na musimamizi iko inchi ya mbali, anamuangalia kwa kamera. Akisikia sauti ya mutu mwengine mu nyumba, egzame imekufa, mwaka muzima wa masomo bure. Mie niko nyuma ya pazia, mutoto wa Zaina mugongoni. Nikajaza karanga mu kinywa, neno lisitoke.

Zaina aliisha kunielezea ile kazi ya ordinatere yenye anasomea: mashine moja kubwa, ndani yake mashine kumi, kila moja inazania iko peke yake. Nikamuambia, "Babu yako marehemu alifanya ivyo na wake wawili, bila kusoma." Pale nyuma ya pazia nikakumbuka ile neno. Kicheko kikanishika, karanga zikatokea mu pua. Lakini sauti, hapana.

Amefaulu, dada, cheti iko. Mungu akulindie yale magoti yako yenye kuuma.

Zaina ananiita: "Bibi, kuya, wageni wenye walikuja kunipongeza wanataka uwaelezee vile ulinyamaza." Acha niende, ile habari ni ndefu.