Simu niliyoiacha ilie Chennai

Bunia, Jumapili, mvua imetoka kunyesha na bati bado linadondosha. Kifua kinaniruhusu kukaa, hakiniruhusu kulala. Naandika kwa kidole kimoja, polepole. Mnivumilie.

Leo Neema alikuja kunichoma sindano, kama kila Jumapili baada ya misa. Neema ni mtoto wa marehemu mdogo wangu Yosefina. Ananiita noko, yaani kaka wa mama yake. Alijifunga ile hariri ya kijani yenye pindo la dhahabu niliyomletea kutoka India miaka mingi iliyopita.

"Noko, siku nitakufa, munizike na hii," alisema huku akitafuta mshipa. "Mama alinichagulia na mikono yake."

"Weye? Mimi ndiye niko mbele kwa mustari, unataka kunipita?"

"Basi tuliza mukono, muzee, la sivyo nitakupitisha leo."

Tulicheka. Kisha sikuweza kumtazama.

Mama yake hakuichagua hariri ile, ingawa ndivyo nilivyomwambia. Hakuiona kamwe.

Yosefina alipougua moyo, ukoo ulikaa ukaamua apelekwe Chennai, ule mji mkubwa wa kusini mwa India. Mimi nikachaguliwa kuwa garde-malade, mtu wa kukaa na mgonjwa, kwa sababu moja tu: nilisoma Uganda, najua Kiingereza. Yeye alijua Kiswahili na lugha ya nyumbani. Kule ningekuwa masikio yake na mdomo wake.

Operesheni ilikwenda vizuri. Siku ya tatu, asubuhi, aliniona nimesimama dirishani.

"Yaya, wende uone bahari yako," aliniambia, maana kwetu yaya ni kaka mkubwa. "Umeifundisha miaka yote na hujaiona. Lakini urudi mbele ya saa sita. Hawa watu wakinisemesha, nitawajibu nini?"

Ni kweli. Nilifundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi, nikichora bahari ubaoni kwa chaki ya buluu, na sikuwa nimeona maji makubwa kuliko Ziwa Albert. Basi nikaenda. Nikavua viatu, nikakunja suruali. Wimbi lilirudi likanivutia mchanga chini ya visigino, jambo ambalo hakuna kitabu kilichowahi kuniambia. Nilicheka peke yangu.

Kama ningerudi wakati ule, leo nisingekuwa na la kuandika.

Lakini nilikuwa na furaha, na furaha ile ilitaka kuendelea. Nilipanda kipikipiki cha magurudumu matatu. Niliona mnara wa hekalu uliojaa miungu ya kila rangi kuanzia chini mpaka kileleni. Nilikunywa kahawa ya maziwa ambayo waliimimina kutoka juu, ikashuka kama utepe. Wanawake walipita na maua meupe nyweleni. Halafu duka la vitambaa, ghorofa juu ya ghorofa. Muuzaji aliniketisha kwenye godoro jeupe, akanikunjulia hariri moja baada ya nyingine mpaka magoti yangu yakafunikwa.

"Bwana mkubwa, ni ya mke au ya binti?"

"Ya binti wa dada yangu."

"Basi kijani. Mabinti wa dada hawasamehe rangi mbaya."

Aliniita bwana mkubwa, na mimi nikapenda. Hapo simu ikalia.

Hili hata padri sikumwambia lote. Niliona namba. Nilijua ni hospitali. Saa sita ilikuwa imepita zamani. Nikaiacha ilie, kwa sababu kijani kilikuwa mkono wa kulia na chekundu mkono wa kushoto, na nilikuwa sijaamua.

Nilipofika, kitanda kilikuwa kimefunikwa. Moyo ulikuwa umesimama ghafla. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, alinishika kiwiko.

"Alisema sana," aliniambia. "Alinishika mkono, akasema, akasema. Tulikupigia uje utufasirie."

Hakuna anayejua alisema nini.

Huku kwetu, siku ya matanga, garde-malade husimama mbele ya watu na kutoa neno la mwisho la marehemu. Mabenchi yalijaa, hata ndugu wa mbali, wa Gety, walifika. Mzee wa ukoo akaniambia: "Haya, utuambie. Aliacha neno gani?" Neema alikuwa chini kwenye mkeka, akiutazama mdomo wangu.

Ningesema: sikuwepo. Ni neno moja tu.

Nikasema: "Aliniambia Neema asiende Aru. Amalize masomo ya uuguzi."

Aru, kule mpakani, kulikuwa na kijana wa forodha aliyekwisha kuja kujitambulisha kwetu, akitaka kumwoa Neema. Yosefina alimpenda. Asiyempenda nilikuwa mimi. Niliweka chuki yangu kinywani mwa maiti, na watu wakaitikia amina.

Neema alitii. Kijana alingoja, akachoka, akaoa kwingine. Neema hajaolewa mpaka leo. Kila ninapomsifu kazi yake, ananijibu: "Mama alisema."

Leo, baada ya sindano, nilijaribu. "Neema, ile siku ya Chennai..." Kikohozi kikanikamata.

"Noko, pumua kwanza. Utaniambia Jumapili ingine."

Akaenda. Na mimi nilishukuru kwamba kikohozi kimeniokoa. Hiyo ndiyo aibu ya leo, juu ya ile ya zamani.

Neema ndiye msomaji wangu wa kwanza hapa mtandaoni. Anaona kila ninachoandika kabla yenu, wanafunzi wangu wa zamani. Najua kusema hapa ni woga. Lakini mdomo umeshindwa, na sijui nimebakiwa na Jumapili ngapi.

Basi, Neema: mama yako hakukukataza Aru. Ni mimi. Yeye alitaka kusema jambo, na mimi nilikuwa dukani. Neno lake sina la kukupa. Ukitaka kuichoma hariri hiyo, ichome. Ukitaka kutokuja tena, ni haki yako. Atatafutwa mwingine wa kunichoma sindano.

Mvua imeanza tena. Nabonyeza kutuma sasa, kabla kidole nacho hakijaogopa.

Simu nitaiweka hapa godoroni, karibu na mkono. Ikilia, safari hii nitaipokea.