Vigae kwenye Kaburi la Sharifu

Fundi Haji,

Nakuandikia kwenye ngazi za nyuma za ghorofa moja huku Jumeirah Lake Towers, Dubai, saa ya chakula. Wameweka vigae, Fundi. Kwenye kaburi la Sharifu. Vyeupe, vya kung'aa, toka chini mpaka kwenye vile vibakuli vya Kichina vilivyopachikwa ukutani, ulivyonikataza hata kuvigusa kwa kitambaa kibichi.

Picha nimeletewa kwenye simu. Nikamwonyesha Wafula, Mkenya ninayepiga naye lipu, akauliza, "Mzee, hii ni bafu ya wapi?" Ningemjibu nini? Kwamba hapo watu wanakuja kuzuru tangu babu wa babu zetu hawajazaliwa?

Na ziara ya mwaka huu imepita. Unajua ile kawaida yetu, kila mgeni anachovya kiganja kwenye ndoo ya chokaa anakipiga ukutani, ndiyo salamu yake na ndiyo matengenezo ya mwaka mzima. Safari hii viganja viliteleza. Chokaa ikachuruzika sakafuni, na Bi Mwanaisha, aliyekuja kumwombea mwanawe mgonjwa, akapewa tambara apanguse. Mama mzima yule.

Nyuma ya vigae ni saruji tupu. Ukuta wa matumbawe huvuta maji chini ukayatoa kwa ngozi, ulinifundisha hilo kwa kofi, ukasema, "Ukuta unapumua kukushinda wewe." Sasa wameuziba pua. Ufa umeshaanza upande wa kibla. Eti mdogo. Mimi naujua udogo huo.

Nimeitukana kamati nzima, mmoja mmoja kwa jina. Ndipo mpwa wangu Salim, katibu wao, akanirudishia sauti yangu mwenyewe niliyowatumia mwaka jana. Najisikia nikicheka, nikisema: "Chokaa khalas, imekwisha. Huku Dubai tunaweka vigae mpaka darini, nyinyi bado mnajipaka viganja?" Walikuwa wameniuliza kaburi lipakwe nini. Nikajibu. Wakatii.

Nilikuwa najisifu tu, Fundi, wanijua. Hata ile hadithi yangu ya kuupiga lipu mnara mrefu peke yangu, wingu likipita chini ya miguu mpaka mwiko ukalowa, ina ukweli wake: mwiko ulilowa. Lakini nani anachukua maneno ya barazani akayajengea kaburi? Hasira zangu kwao hazijaisha. Ila nikifumba macho, sauti ninayoisikia ni yangu.

Ulipokufa walifukia shimo lako la chokaa, juu yake wakajenga duka la soda. Anayejua kuchoma tanuri na kuilaza chokaa mpaka ilainike nimebaki mimi. Hapa sijisifu. Natamani ningekuwa najisifu.

Nimemwomba arbab, bosi wangu wa huku, likizo. Akasema baada ya Ramadhani, inshallah. Nikamwambia ukuta haungoji. Akasema, "Yalla, nenda, lakini nafasi yako hutaikuta." Naondoka Alhamisi.

Nitavibandua kimoja kimoja mbele ya watu, na nitawaambia ni nani aliyesema viwekwe. Chokaa ikiiva, ndoo ya kwanza ni ya Bi Mwanaisha. Kiganja chako, kile chenye kidole pungufu, kiko chini ya saruji ile. Nikikikuta nitaweka changu pembeni, si juu yake.

Pumzika, Fundi. Mkono wangu bado ni ule uliouchapa.

Mussa