Kwa Yaya Aliyesaini kwamba Niliogopa Ndege

Yaya Ilunga, ndugu yangu mkubwa,

Sikuandikii neno mpendwa. Nilijaribu, kalamu ikakataa. Nakuandikia kutoka Kolwezi, nyumba ileile, mimi mdogo wako ambaye miguu ilipooza kabla sijajua kukimbia.

Unakumbuka uwanja wa masista, nyuma ya kituo cha walemavu? Tata, baba yetu, alinichomelea kiti cha mabomba, akaniletea na tufe, donge la chuma kutoka kinu cha kusaga mawe ya shaba, lililochakaa hata kazini hawalitaki tena. Mimi nilikaa, wewe ulipiga magoti nyuma ukishika kiti kwa mikono miwili kisipinduke. Kanuni ilikuwa moja: makalio yakiinuka, umetupa bure. Basi ulikuwa unapiga kelele, "Matako chini, we!" na masista wanageuka kuangalia ukuta. Siku moja nilicheka mpaka tufe likaniangukia mapajani. Nilikupenda sana wakati ule, yaya, niseme tu ukweli.

Na nilikuwa natupa! Walikuja watupaji wa Mutoshi, wakaja wa Kisenge na vifua vyao vipana, wote wakarudi kwao wameshindwa. Ndipo ikafika habari ya Kinshasa: michezo ya walemavu, safari kwa ndege, nafasi mbili, mtupaji na mshika kiti wake. Wiki nzima nilifunga sanduku, nikalifungua, nikalifunga tena.

Jioni ya mwisho ukaniambia, "Motokari itakuya saa mbili. Lala, usichoke." Motokari ilikuja saa kumi na mbili asubuhi. Nilipoamka, kitanda chako kilikuwa kitupu. Tata alikuwa anatoka zamu ya usiku, mkakutana barabarani. Aliingia akaniambia kwa upole, "Hakuna neno, mama," nikadhani ananipa pole kwa kuachwa. Kumbe ulishamwambia kwamba nimekataa mwenyewe, naogopa kupanda ndege! Hata kwenye karatasi ya wakubwa wa michezo uliandika hivyo ukasaini, wakakuacha uende peke yako. Sista alinionyesha nakala. Jina langu limepigwa mstari, na mwandiko ni wako.

Nafasi zilikuwa mbili, yaya. Mbili! Ungekwenda tu pamoja nami, nani angekuzuia? Nimefikiri miaka yote hii na jibu ni lilelile: uliona haya. Hukutaka watu wa Kinshasa wakuone umepiga magoti nyuma ya kilema. Ulitaka kuvaa jezi na kupita mbele ya wakubwa kifua mbele, na ndivyo ulivyopita, tuliona picha. Namba yangu ya mtupaji ilikuwa kifuani mwako. Ukapata kazi hukohuko, ukabaki.

Mimi sikumwambia tata ukweli. Tata aliibandika ile picha sebuleni, kila mgeni anaonyeshwa kabla hajakaa. Ningesema, angebaki na mtoto gani wa kujivunia? Mtaani batoto ya jirani walikuwa wananipita wamenyoosha mikono kama mabawa, wakivuma, wakicheka. Na kiti nani angenishikia? Sijatupa tena tangu siku ile. Kikulacho kweli ki nguoni mwako.

Tata amefariki mvua hizi. Hukuja, ulituma salamu kwa dereva wa lori. Siku mbili kabla, alinishika mkono akasema, "Mi sikukukasirikiyaka hata siku moya, mama. Ndeke inaogopeshaka hata mwanaume."

Ukweli ulikuwa hapa mdomoni, yaya. Nilimtazama anavyovuta pumzi kwa shida, nikaumeza. Nikamwambia, "Asante, tata."

Kwa hiyo jua hivi: baba yetu amekufa akiwa amenisamehe mimi. Wewe, hakuona kwako hata kosa moja la kusamehe.

Baki huko uliko.

Ni mimi, mdogo wako.