Fulana ya Shelina

Newala, 4 Machi 1989

Mama Shelina, mdogo wangu,

Hujambo? Na huko dukani wote wazima? Sisi hatujambo, ila ukungu wa huku umenipa mafua.

Nilipoleta timu yangu Masasi wiki iliyopita, nilimwona mwanao akicheza netiboli. Gulshan, nilidhani nakuona wewe, sote tukiwa darasa la sita, kabla kwenu hawajakuachisha mchezo! Mwaka huu mimi ndiye ninayechagua timu ya mkoa, na nimemchagua awe mfungaji. Najua desturi zenu. Atavaa suruali ndefu chini ya sketi, na kambini atalala chumba kimoja na mimi. Naomba ruhusa yenu.

Dada yako,
Anjelina

Masasi, 19 Machi 1989

Dada Anjelina,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Pole na mafua, chemsha tangawizi.

Baba Shelina amekataa. Nimembembeleza, amekataa katakata. Siku hizi kila mtu anafungua duka, na watu wanatuchungulia mpaka sufuriani. Mimi nikienda sokoni kwa miguu, hapo tu, watasema Wahindi wamefilisika, wameuza gari. Sembuse binti akimbie juani mbele ya wanaume! Nani atakuja kumposa?

Mtoto amelia siku mbili. Atazoea, kama nilivyozoea mimi.

Mdogo wako,
Mama Shelina

Newala, 30 Juni 1989

Mama Shelina,

Natumaini hamjambo. Mimi mzima, uchovu tu. Tumefungwa, tena kwa magoli mawili. Nafasi ya mwanao niliiacha wazi hadi asubuhi ya safari, nikijidanganya kwamba baba yake atalegea. Nilitaka kumwandikia mwenyewe, nikaona mume wa mtu haandikiwi barua.

Fulana yake ya timu ninayo.

Dada yako,
Anjelina

Masasi, 2 Novemba 1992

Dada yangu,

Hujambo? Mwanao Filemoni na wadogo zake hawajambo? Miaka mitatu kimya, na kosa ni langu. Mimi nina sukari. Daktari ameniambia nitembee nusu saa kila siku, nami nazunguka uani kama kuku aliyefungwa kamba. Juzi Baba Shelina alinikuta, akacheka. "Shelina angekufundisha mazoezi," akasema. "Hivi yule rafiki yako wa Newala mbona hakumtaka kwenye timu? Ningewapeleka mwenyewe kwa gari."

Anjelina, sikumwuliza. Neno lile lilikuwa langu, nikamsingizia yeye. Niliogopa maneno ya watu.

Shelina yuko Dar kwa shangazi yake, kutwa amekaa kaunta. Alipokuja mara ya mwisho alihema kwa kupanda ngazi, na ana miaka kumi na tisa! Nikamwambia tutembee. "Mama, mimi na mazoezi wapi na wapi?" Mpaka leo anaamini aliyemkatalia ni baba yake. Humwamkia tu, basi.

Naona aibu. Nisamehe.

Mdogo wako,
Mama Shelina

Newala, 15 Novemba 1992

Mama Shelina,

Sisi wazima. Pole sana na sukari. Sitakuficha, nimekasirika, kisha nimelia. Mimi nimekusamehe, lakini uliowakosea si mimi. Fulana yake ile nampa dereva wa basi akuletee. Mpe mtoto mwenyewe, mbele ya baba yake. Na utembee barabarani, si uani.

Dada yako,
Anjelina

Masasi, 10 Januari 1993

Dada,

Salamu. Naendelea vizuri, sukari imeshuka kidogo.

Shelina alikuja Desemba. Nilimweleza tukiwa mezani, na baba yake akaacha kula. Aliijaribu fulana juu ya gauni, ikamkwama mabegani, akaivua na kuikunja vizuri. Akamwambia baba yake, "Nisamehe, Baba." Mimi hakuniambia kitu. Kesho yake alipanda basi.

Sasa kila asubuhi natembea barabara kubwa. Wananiuliza kama gari limeuzwa, nawajibu lipo, linapumzika. Naenda hadi posta, nauliza barua ya Dar, narudi. Mpaka leo haijaja.

Mdogo wako,
Gulshan